Themanini Kila Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi

Mlango umenikataa tena. Ule wa kioo, wa ofisini, unaojifungua wenyewe. Wengine huwafungukia wakiwa bado hatua nne. Mimi nilisimama mbele yake kama mtu aliyekuja kuomba kazi, na kazi ninayo. Au nusu ninayo. Zimebaki siku tano nimalize miezi sita ya majaribio. Nafasi ya kudumu ni moja. Tuko wawili.

Wa pili ni Kisigino. Jina hilo nimempa mimi, humu shajarani tu. Viatu vyake husikika kabla mwenyewe hajaonekana, na mlango humpisha kwa heshima. Leo alinikuta pale nje, akasema, "Ingia basi, kaka, au unausalimia?" Nikaingia nyuma yake kama mzigo wake.

Saa tatu Mkuu akatangaza kwamba Mkaguzi wa Vipimo atakuja Ijumaa. Ataangalia rada ya mkono, uma wake, na daftari. Akishaondoka, Mkuu ataandika barua ya ajira ya mmoja wetu. Nikatabasamu. Nadhani nilitabasamu. Kisigino aliniuliza kama jino linaniuma.

Niandike mambo kwa mpangilio, maana kichwa kimechoka. Hii ni ofisi ya usalama barabarani, na kazi yangu ndani yake ni ndogo. Kila asubuhi, kabla Sajini hajaichukua rada kwenda kupima mwendo wa magari, natakiwa kugonga uma mbele ya hiyo rada. Rada ina umbo la mashine ya kukaushia nywele. Uma ni chuma chenye meno mawili, kifupi kama kidole. Ukilia, rada hudhani imeona gari linalokwenda themanini. Ikionyesha 80, ni nzima. Naandika 80 daftarini, naweka sahihi, Sajini anaondoka. Basi. Mtu angewezaje kuharibu kazi kama hiyo?

Leo nikafungua kisanduku cha uma ili niusafishe kwa ajili ya Mkaguzi. Kitupu! Kuna sponji tu, yenye shimo la umbo la uma.

Sasa ndipo penye tatizo. Kisanduku hicho sijakifungua tangu tarehe 10 Februari. Siku kumi na tano za kazi nimeandika 80 bila kugonga chochote. Mwandiko mzuri, lazima niseme. Lakini nikiripoti kwamba uma umepotea, wataniuliza umepotea lini.

Nimeandika 80 ya leo. Ya kumi na sita.


Jumanne, 4 Machi

Nimewaza njia nzima: ni Kisigino. Nani mwingine anafaidika nikianguka? Nikaenda mapema kuliko wote, nikasubiri mfagizi apite mlangoni, nikapenya naye. Nikavuta droo ya Kisigino. Biskuti. Mafuta ya mikono. Viatu vyake vya visigino virefu. Hapo nikatulia kidogo, kwamba angekuwa amefika ningevisikia. Kisha nikajiuliza: kama viatu viko humu, yeye amevaa nini?

Alikuwa amevaa ndala. Alikuwa nyuma yangu.

Nikamwambia nilikuwa natafuta stepla. Akanionyesha stepla. Nilikuwa nimeishika mkononi.

Akasema hana neno, ila nikitaka biskuti niombe kama watu. Uma haukuwemo. Ninaanza kuogopa kwamba hana hatia, na hilo litanipa kazi zaidi.

Sajini alipokuja kuchukua rada nilijifanya nina hamu ya elimu. Nikamuuliza uma unaidanganyaje mashine. Sajini anapenda kuulizwa. Alikaa juu ya meza yangu, juu ya faili zangu, akaanza. Eti rada inatoa mawimbi yasiyoonekana, yanakwenda, yanagonga gari, yanarudi. Gari likiwa linakuja, mawimbi yanarudi yamebanana, kama sauti ya gari la wagonjwa inavyokuwa nyembamba likikukaribia na nene likishakupita. Rada inalinganisha kilichotoka na kilichorudi, na ile tofauti ndiyo mwendo. Meno ya uma yakitetemeka, yanayatikisa mawimbi kwa namna ileile. Mashine haijui kuwa ni uma. Inahesabu mitetemo tu.

Akasema ukoo wa rada ni mkubwa. Ile ya uwanja wa ndege inapima muda wa mawimbi kwenda na kurudi, ijue ndege iko umbali gani. Ya hali ya hewa inasikiliza kinachorudi kutoka kwenye matone ya mvua. Hata mlango wetu una kisanduku juu yake, na ndani ya kisanduku ni rada ndogo, ambayo inaona kinachosogea tu. "Sasa wewe, mdogo wangu," akasema, "unatembea kama unaingia chumba cha mgonjwa. Mlango unadhani wewe ni chungu cha maua."

Ofisi nzima ikacheka. Nikacheka pia. Lakini moyoni nilikuwa nimeshika neno moja: haijui ni uma gani.

Mjomba wangu ni mwalimu wa kwaya. Ana uma wa kutolea sauti. Jioni nimeupata. Aliupangusa kwa leso, akaniambia ameishi nao miaka ishirini na sita, zaidi ya alivyoishi na mtu yeyote, na kwamba anautaka mkononi Jumamosi asubuhi kwa sababu kuna mashindano. Nikamwapia.

80 ya leo nimeiandika. Ya kumi na saba, na ya mwisho ya uongo.


Jumatano, 5 Machi

Niligonga uma wa mjomba kwenye soli ya kiatu, nikausogeza mbele ya rada. Ukalia vizuri, sauti tamu kabisa. Rada ikasoma 10.

Nikagonga tena. 10.

Kilomita kumi kwa saa! Uma wa mjomba unakwenda kwa baiskeli. Sajini alikuwa mlangoni akisubiri. Kisigino akauliza kwa nini naimbia mashine. Nikasema napima betri.

Nikaandika 80. Ya kumi na nane. Sikuwa na la kufanya.

Mchana wote nimepiga hesabu nyuma ya barua za onyo za madereva zilizoharibika. Uma wa mjomba unatetemeka mara 440 kwa sekunde na unatoa kumi. Ili utoe themanini lazima utetemeke mara nane zaidi. Na shuleni tulifundishwa: ukiufupisha meno kwa nusu, mitetemo inakuwa mara nne. Kwa hiyo urefu ugawanywe kwa mbili nukta nane tatu. Nilikuwa wa kwanza darasani katika somo hili. Mwalimu alisema nitafika mbali.

Nimeazima msumeno wa chuma kwa jirani. Shangazi, ambaye naishi kwake, amesimama juu yangu na ufagio kwa dakika nzima. Akauliza huo si uma wa yule shemeji yake mwimbaji. Nikasema ndiyo. Akauliza unakatwa kwa ajili ya nini. Nikasema kwa ajili ya kazi ya kudumu. Akauliza kama kazi yenyewe ni ya kukata uma za watu, maana kama ni hiyo anaona nimeshaipata.

Nilikuwa napima kwa rula.

Sasa niandike na lile ambalo sikuliandika siku ilipotokea. Sababu ya kutofungua kisanduku tangu tarehe 10. Siku hiyo rada iliniponyoka. Ilianguka kutoka juu ya meza, kwenye zulia. Zulia ni jembamba. Nikaiokota, taa ikawaka, nikashukuru. Lakini sikutaka kugonga uma tena, nisije nikaona namba nyingine. Nikaona nisipoiuliza haitanijibu. Kesho yake pia. Na keshokutwa.

Mikono inatetemeka. Pengine mara 440.


Alhamisi, 6 Machi

Saa sita Sajini hurudisha rada ili ichajiwe. Nikajifungia nayo stoo, mimi, rada, kipande cha uma, na tupa.

Kugonga kwa kwanza: 71. Nilitaka kupiga kelele. Nikapiga tupa kidogo kwenye ncha. 74. Tupa. 76. Tupa tena, kidogo tu, jasho likaniingia machoni. 83!

Nimepita. Chuma kikishaondoka hakirudi. Nilikaa juu ya katoni ya karatasi nikiitazama ile 83, nikiwaza maisha ya mtu asiye na kazi ya kudumu, anayeishi kwa shangazi yake akiwa na miaka arobaini, anapewa mahindi kuchambua.

Kisha akili ikarudi. Ncha zikiwa nyepesi mitetemo inaongezeka, kwa hiyo zikiwa nzito itapungua. Nilihitaji uzito mdogo sana, wa kupaka. Kwenye mfuko wangu kulikuwa na chupa ya rangi ya kucha ya shangazi, nyekundu, ambayo alinituma nikaibadilishe dukani kwa sababu si nyekundu aliyoitaka. Nikapaka tone kila ncha. Nikapuliza ikauke. 82. Tone. 81. Tone.

80.

80! Mara sita mfululizo! Nimeufundisha uma kusema themanini. Nilitoka stoo nikinuka saluni, mtu mwingine kabisa.

Kisigino alikuwa anatazama mvua kwenye simu yake, ile picha ya rada yenye madoa ya kijani na mekundu. Akatangaza kwamba itafika kwetu saa tisa na nusu, wenye nguo kwenye kamba wajue. Nikamwambia mawingu yako mbali na siamini vitu vya simu. Saa tisa na nusu nilikuwa nimetumwa posta. Nilirudi mbio, nimelowa hadi kwenye soksi, na mlango ukafunguka! Wenyewe! Kwa ajili yangu! Nikashangaa hadi nikasimama. Ukajifunga.


Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi ni mzee mdogo, mwenye mkoba mkubwa na sauti ya mtu anayeongea maktaba. Mkuu alisimama kulia kwake, Kisigino nyuma na kalamu mbili. Nikatoa kisanduku. Uma wangu ulikuwa unachezacheza kwenye lile shimo, kama mtoto aliyevaa kiatu cha baba yake. Nikaugonga. 80. Nikaugonga tena. 80. Mkuu akakohoa kwa kuridhika.

Mkaguzi akauliza ncha zina nini. Nikasema ni alama ya ofisi. Akasema, "Nzuri."

Halafu akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa uma mwingine, akauweka kwenye sponji. Ukaingia kwenye shimo bila kusukumwa.

Akaeleza kwa upole, akimtazama Mkuu, kwamba huu ndio uma wa ofisi hii. Kila mwaka hupelekwa kwake kupimwa. Ulichukuliwa tarehe 10 Februari, naye ameurudisha leo. Na hati ya kuuchukua hii hapa. Akaifungua.

Sahihi yangu. Yenyewe kabisa, na mkia wake.

Mkuu huniletea karatasi kwa rundo na kusimama pembeni. Kusoma mbele yake naona kama kumwambia simwamini. Kwa hiyo nasaini. Nimesaini mambo mengi katika miezi sita hii. Sijui mengine ni yapi.

Mkaguzi akafunua daftari, akapitisha kidole. Tarehe 10, 80. Tarehe 11, 80. Akashuka hivyo hadi chini, akageuza ukurasa. Akauliza, kwa sauti ileile ya maktaba, ni uma gani uliokuwa unasema themanini siku hizo zote.

Nikakumbuka maneno ya Sajini. Rada inaona kinachosogea tu. Nikasimama tuli. Sikupepesa macho. Nilikaa hivyo muda mrefu. Lakini Mkuu si mlango.

"Wewe! Unaulizwa!"

Nikasema ulikuwa uma wa moyoni. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Mkaguzi hakucheka. Akaugonga uma halisi mbele ya rada yetu. 83. Tena, 83. Mara ya tatu, 83. Akatoa rada yake mwenyewe mkobani. Uma halisi, 80. Uma wangu, 77. Akavitazama vyote vinne juu ya meza, halafu akanitazama mimi.

"Kijana," akasema, "uma ndio unaoipima rada. Wewe umechukua rada ukaupimia uma."

Hapo ndipo nilipoelewa. Rada yetu inazidisha. Nami nimechonga uma hadi ukakubaliana na mgonjwa. Ningekuwa nimegonga ule wa kweli mara moja tu siku ile, kabla haujachukuliwa, ningeiona 83 asubuhi ileile.

Akauliza kama rada imewahi kuanguka. Kisigino akasema tarehe 10 hiyohiyo alisikia kitu kikianguka chumbani kwangu, kishindo cha haja, lakini alidhani ni mimi.

Mkuu akauliza, polepole, hiyo rada ikiwa inamtazama mtu anayekwenda hamsini, itasema ngapi. Mkaguzi akasema hamsini na mbili.

"Hamsini na mbili!" Mkuu akaruka. "Nilisema au sikusema?"

Alisema. Wiki mbili zilizopita Sajini alimsimamisha Mkuu mwenyewe, mbele ya shule, kwenye kibao cha hamsini, rada ikiwa inasoma 52. Barua ya onyo aliichapa Kisigino, ikabandikwa ubaoni ili raia wajue hapa hakuna mkubwa. Mkuu aliapa alikuwa hamsini kamili, na ofisi nzima ikaangalia dari. Sasa alikwenda ubaoni mwenyewe, akaibandua, akamsomea Mkaguzi kwa sauti, akacheka hadi akafuta macho. Alimpa Mkaguzi mkono. Alimpa Sajini mkono. Aliufikia wangu, akakumbuka, akaurudisha mfukoni.

Hukumu ilitoka saa kumi. Kisigino amepata barua ya kudumu. Mimi nimeongezewa miezi sita ya majaribio, na Mkuu anasema nishukuru, angekuwa hana furaha leo ningekuwa nimefukuzwa. Madereva arobaini na mmoja wameandikiwa onyo tangu rada ianguke. Kila mmoja nimwandikie barua ya kumwomba radhi, kwa mkono. Ya kwanza iwe ya Mkuu.

Rada imeondolewa mikononi mwangu. Uma pia. Nimepewa kazi nyingine, na daftari jipya. Jalada lake gumu, la buluu.


Jumamosi, 8 Machi

Nilimpelekea mjomba kilichobaki. Nilikifunga kwenye leso yake ileile ili kisionekane kifupi. Alifungua. Alikitazama mbele, akakigeuza nyuma. Akauliza kama nimemletea kibanio cha nywele.

Nikamweleza yote, tangu mawimbi hadi rangi ya kucha. Akakigonga kwenye goti. Kikatoa sauti ambayo nadhani mbwa wa mtaa wa pili waliisikia vizuri kuliko sisi. Akasema, "Hii wanipe nani aiimbe, anko? Mbu?"

Kwenye mashindano alitoa sauti ya kuanzia kutoka kichwani mwake. Kichwa chake leo kilikuwa na hasira, kwa hiyo sauti ilikuwa juu. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili mishipa ikawatoka wanakwaya shingoni. Wa tatu walifungua midomo na hakikutoka kitu. Wamekuwa wa mwisho kasoro mmoja, na huyo mmoja hakufika.

Shangazi anasema mjomba hajaninunia. Anavuta pumzi kwanza. Halafu akaniuliza rangi yake ya kucha iko wapi.

Barua za radhi nilizoandika: tatu. Nimechoka hadi kwenye kalamu.


Jumatatu, 10 Machi

Wiki mpya, mtu mpya. Nimekaa nyumbani Jumapili nzima nikijichunguza kwa haki, na nimelipata kosa langu.

Kosa ni kuandika siku kwa siku.

Ukiandika kila asubuhi, mkono unachoka, wino unabadilika, siku nyingine una mafua, na mkaguzi mwenye macho huona. Halafu kila asubuhi ni hofu mpya. Mtu mwoga kama mimi hawezi kuogopa mara ishirini kwa mwezi na bado akafanya kazi nyingine.

Sasa hii kazi mpya ni nyepesi. Fundi amekirekebisha kile kisanduku cha rada juu ya mlango, na Mkaguzi ameagiza mlango ujaribiwe kila asubuhi, usije siku moja ukambana mtu. Kazi yangu ni kuukaribia kwa mwendo wa kawaida, kuona kama umefunguka, na kuandika kwenye daftari la buluu. Kisigino, ambaye sasa ni msimamizi wangu, atakuwa akilikagua kila Ijumaa. Alisema, "Kaka, hili hata wewe unaliweza."

Naliweza. Nimeshalimaliza. Nimelijaza lote nyumbani, kwa kalamu moja na mkono uliotulia, kuanzia leo hadi tarehe 31. "Umefunguka vizuri." "Umefunguka vizuri." Hapa na pale nimeweka "Umefunguka haraka," ili ionekane mtu alikuwepo. Jumamosi na Jumapili nimeziruka. Mimi si mjinga.

Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sina wasiwasi. Ni saa mbili kasorobo, jua limetoka, na naandika haya nikiwa nimesimama nje, mbele ya mlango. Niko hapa kwa dakika kumi na mbili sasa. Nimeukaribia mara nne. Mwendo wa kawaida.

Nasikia viatu vinakuja. Nitaingia naye.